Dakika 15 za kwanza: bakteria akigusa jani, habari inafikaje ndani ya seli?

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna swali naulizwa zaidi nyumbani kuliko kazini. Wazee kule Karagwe walipoona migomba inanyauka shamba baada ya shamba, waliniuliza: "Wewe si ndiye unayesomea mimea? Mbona mgomba haupigani?" Nimekaa na swali hilo miaka mingi. Jibu langu leo ni kwamba mgomba unapigana, na kila mmea unapigana. Kinachoamua ni kama habari ya adui imefika mapema, na kama njia yake haikukatwa. Wanaoibeba habari hiyo ni protini zinazoitwa kinasi. Nitashusha kwa vipande, mwenye swali aliweke hapahapa.

Tuanze na kinasi yenyewe. Ndani ya kila seli kuna molekuli iitwayo ATP, inayobeba nishati. Ina fosfeti 3 zilizofuatana. Kinasi inachomoa ile ya mwishoni na kuibandika juu ya protini nyingine, kwenye asidi amino ya serini, threonini au tairosini. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini protini iliyobandikwa fosfeti hubadilika umbo: iliyolala inaamka, iliyofunga inafunguka, nyingine inahama kutoka utandoni kwenda kwenye kiini. Kisha ziko protini nyingine, fosfatesi, zinazopita kubandua. Edwin Krebs na Edmond Fischer waliugundua mchezo huu wa kubandika na kubandua katika miaka ya 1950 wakichunguza misuli, na mwaka 1992 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tazameni hili. Binadamu ana jeni 500 na kitu za kinasi. Arabidopsis, kimea kidogo cha jamii ya haradali ambacho watafiti wa mimea wanakitumia sana, kina takriban 1,000. Zaidi ya 600 kati ya hizo ni za aina ya vipokezi, yaani nyingi zimekaa kwenye utando wa seli, kichwa nje na mkia ndani. Mimi naelewa hivi: kiumbe asiyeweza kukimbia lazima awe na masikio mengi.

Twende mlangoni. Bakteria wengi wana mkia wa kuogelea, uliojengwa kwa protini iitwayo flajelini. Ndani ya protini hiyo kuna kipande cha asidi amino 22 ambacho bakteria hawezi kukibadilisha ovyo bila kuharibu mkia wake. Mmea umejifunza kukitambua kipande hichohicho. Kinaitwa flg22, na kipokezi chake, FLS2, kilitambuliwa na Lourdes Gómez-Gómez na Thomas Boller kule Basel, Uswisi, mwaka 2000. Flg22 ikigusa kichwa cha FLS2 upande wa nje, papo hapo kipokezi kingine, BAK1, kinasogea na kushikana nacho. Mikia yao ya ndani, ambayo ni kinasi, inakaribiana na kuanza kubandikana fosfeti. Hayo ni ya sekunde chache.

Pale utandoni kuna kinasi nyingine iliyokuwa imetulia karibu na vipokezi, BIK1. Nayo inabandikwa fosfeti, inaachia, inakwenda kuamsha kimeng'enya cha RBOHD kinachomwaga oksijeni kali nje ya seli. Milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inaingia, na kinasi nyingine zinazosikia kalsiamu nazo zinaamka. Wakati huohuo habari inashuka ngazi 3: kinasi ya juu inaamsha ya kati (MKK4 na MKK5), ya kati inaamsha ya chini (MPK3 na MPK6). Hizi za chini ndizo zinazozifikia protini zinazowasha jeni, mfano WRKY33, na Arabidopsis inaanza kutengeneza sumu yake ya kuua vijidudu, kamaleksini.

Aliyekulia kijijini anajua yowe la usiku. Wa kwanza kuona mwizi anapiga, jirani anapokea, wa bondeni anapokea, na kabla mwizi hajavuka mto watu wa ng'ambo wameshatoka na mapanga. Ndicho kinachotokea ndani ya seli moja ya jani, kwa dakika.

Nikipata nafasi nashusha kipande kinachofuata.

—

Mwalimu wa Biolojia:

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huwa wananiuliza mimea inajikingaje wakati haina damu wala chembe nyeupe. Na hizo dakika unazozitaja zinapimwaje? Kwa macho jani halionyeshi kitu.

—

Mleta uzi:

Mwalimu, shikamoo. Wanafunzi wako wameuliza la msingi. Mnyama ana askari wanaozunguka mwilini. Mmea hauna, kwa hiyo kila seli ni askari wake mwenyewe, na kila seli inabeba vipokezi na kinasi zake.

Kuhusu kupima, nieleze ninavyofanya kwa mikono yangu. Nachukua majani ya Arabidopsis wa wiki 5, nakata viduara vya milimita 4 kwa kitoboleo, naviweka kimoja kimoja kwenye visahani vyenye maji na kuviacha usiku kucha. Sababu ya kuviacha ni kwamba kukata kwenyewe ni jeraha, na jani lililojeruhiwa nalo linapiga yowe. Asubuhi limetulia. Natoa maji, naweka luminoli pamoja na peroksidesi, kisha flg22, kidogo mno, nanomola 100. Ile oksijeni kali anayoimwaga RBOHD inageuka haidrojeni peroksaidi, na ikikutana na luminoli inatoa mwanga. Macho hayauoni. Mashine iliyo gizani inauona na kuuhesabu.

Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, ya tatu, namba zinaanza kupanda. Kati ya dakika ya 10 na ya 15 zinafika kileleni, kisha zinashuka taratibu. Pembeni naweka majani ya mmea ambao jeni yake ya FLS2 imeharibiwa. Hayo mstari wake unalala chini mwanzo hadi mwisho. Jani ni bichi lilelile, maji ni yaleyale, flg22 ni ileile, ila hakuna wa kuisikia. Nimefanya jaribio hili mara nyingi sana, na mistari ile miwili ikianza kuachana bado huwa nasogea karibu na skrini.

Kingine kitakachowafurahisha wanafunzi wako: kuona kama MPK3 na MPK6 zimeamka, tunagandisha majani ndani ya naitrojeni kimiminika kwenye dakika ya 0, 5, 15 na 30, halafu tunatumia kingamwili iliyotengenezwa kutambua kinasi ya binadamu iliyobandikwa fosfeti. Inashika na ile ya mmea! Sehemu inayobandikwa, threonini na tairosini zikiwa na asidi amino moja katikati yao, imebaki vilevile kwetu na kwao. Mwambie mwanafunzi kwamba jani la kabichi na ini lake vinapokea amri kwa swichi moja, uone atakavyokutazama.

—

Mama Nyanya wa Mang'ola:

Nimesoma yote. Sasa kama jani linajua ndani ya dakika 15, mbona mimi napoteza nyanya kila masika? Nakuuliza kwa uchungu mwanangu, maana nimezika hela nyingi kwenye madawa.

—

Mleta uzi:

Pole sana mama. Swali lako ndilo moyo wa uzi huu, nami nilikuwa naelekea huko.

Jani linajua. Tatizo ni kwamba bakteria naye anajua kuwa jani linajua. Aliyezoea kuishambulia mimea ana kitu kama sindano. Akishagusa seli, anaichoma na kuingiza protini zake ndani. Ukizichunguza protini hizo zinakwenda kufanya nini, utakuta nyingi zinazifuata kinasi. Haendi kushindana na sumu ya mmea. Anakwenda kumziba mdomo mpiga yowe.

Bakteria wa madoadoa ya nyanya, Pseudomonas syringae, ana protini iitwayo AvrPto inayozikamata kinasi za vipokezi na kuzizuia. Ana nyingine, AvrPtoB, inayokibandika kipokezi alama ya kutupwa, na seli yenyewe inakichukua na kukiharibu kama takataka. Ana ya tatu, HopAI1, na hii ndiyo inayonitisha zaidi: inaing'oa fosfeti kwenye MPK3 na MPK6 kwa namna ambayo haiwezekani kuibandika tena mahali pale. Fosfatesi ya kawaida inabandua na kesho kinasi inabandikwa upya. Hii inavunja kitasa. Xanthomonas wa uozo mweusi kwenye kabichi na sukuma wiki, yeye anampaka BIK1 kemikali nyingine palepale fosfeti ilipotakiwa kukaa.

Kwa hiyo mama, nyanya zako hazikulala. Zilipiga yowe, likakatwa njiani.

Sasa nikupe habari njema. Kwenye nyanya pori za Amerika Kusini, Solanum pimpinellifolium, kuna jeni iitwayo Pto. Wazalishaji wa mbegu walikuwa wameshaiingiza kwenye nyanya za kulimwa kwa uzalishaji wa kawaida bila kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1993 Gregory Martin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell wakaitenga, wakakuta kumbe ni kinasi. Pto inakaa ndani ya seli pamoja na mlinzi wake, protini ya Prf. AvrPto inapoingia kutafuta kinasi za kuzuia, inaikamata Pto. Hapo Prf anashtuka, na seli ile inajiua pamoja na bakteria aliyeishambulia ili majirani wapone. Ni chambo. Adui ameletewa kinasi inayofanana na zile anazozitafuta, akishaigusa tu amejulikana.

Na kuna jambo la ajabu kuhusu mbegu hizo. Watu waliona nyanya zenye Pto zikipulizwa kiuatilifu cha fenthioni, majani yanapata vidoti vya kuungua, wakati nyanya nyingine hazidhuriki. Fenthioni ni dawa ileile ambayo huku kwetu ndege hupuliza kuua kwelea kwelea kwenye mpunga na mtama. Wakafuatilia, wakakuta jirani wa Pto kwenye kromosomu ni kinasi nyingine inayofanana nayo sana, wakaiita Fen. Hiyo ndiyo inayoamshwa na dawa: mmea unadhani umeshambuliwa na unaanza kuua seli zake wenyewe. Baadaye ikaonekana Fen nayo ni mlinzi, inaitambua AvrPtoB iliyokatwa mkia. Ikiwa nzima, AvrPtoB inamtupa Fen jalalani. Mkia ule ndio unaobandika alama ya kutupwa. Yaani ukiwaangalia Pto na Fen unaona kabisa mmea na bakteria walivyokuwa wakijibizana kwa vizazi, huyu akifunga, yule anafungua.

—

Mpitanjia:

Elimu nzuri mkuu, lakini hizi ni habari za maabara za Ulaya na Marekani. Afrika iko wapi hapo?

—

Mleta uzi:

Iko ndani kabisa, mkuu. Moja ya kinasi zinazojulikana zaidi katika elimu hii imetoka Mali.

Kuna mpunga pori wa Afrika, Oryza longistaminata, unaoota hata mabondeni kwetu, na wakulima wengi wanaung'oa kama magugu. Mmea mmoja wa aina hiyo uliotoka Mali haukuugua ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga kule Asia. Gurdev Khush na wenzake katika taasisi ya utafiti wa mpunga ya kimataifa, IRRI, kule Ufilipino wakahamisha kinga hiyo kwenda mpunga wa kulimwa. Mwaka 1995 maabara ya Pamela Ronald kule California ikaitenga jeni, XA21. Ni kipokezi chenye kichwa nje na kinasi ndani, umbo lilelile la FLS2 iliyokuja kujulikana miaka 5 baadaye.

XA21 inasikia nini? Mwaka 2009 maabara hiyo ilitangaza jibu. Baadaye wakagundua wenyewe kwamba kulikuwa na makosa, na mwaka 2013 wakaliondoa andiko lao hadharani. Wakarudi mezani, na mwaka 2015 wakaja na jibu jingine, protini ndogo ya bakteria iitwayo RaxX. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kuna wanafunzi waliopoteza miaka yao kwenye jibu lisilo sahihi, na bado walisema ukweli.

Sasa turudi migombani. Mnyauko bakteria wa migomba uliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye enset, binamu wa mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda na Kivu ya Kaskazini, halafu ukasambaa Rwanda, Kagera, Kenya na Burundi. Anayeusababisha ni Xanthomonas, ukoo mmoja na yule wa mpunga. Ndipo watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, walioko Nairobi, Leena Tripathi na wenzake, wakajiuliza: je, kinasi ya mpunga wa Mali itasikia Xanthomonas wa mgomba? Wakaiweka XA21 kwenye mgomba wa aina ya Gonja manjaya. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2014 yalionyesha nasaba kadhaa za migomba hiyo zikipona kwenye banda la majaribio baada ya kuchomwa bakteria.

Nilipoisoma taarifa hiyo nilikuwa nimekaa peke yangu, nikamkumbuka bibi yangu. Shamba lake lilikuwa na migomba tangu kabla mama hajazaliwa. Alikata mgomba mmoja mbele yangu tukasimama tukiutazama. Dakika chache, usaha wa njano ukaanza kutoka kwenye shina kama maziwa yaliyoganda. Mkungu ulikuwa umeiva kabla ya wakati, chane moja njano, ya pili kijani, na ndizi ukiimenya ndani ni kahawia. Hakusema kitu. Aliweka panga chini, akaingia ndani.

—

Mwalimu wa Biolojia:

Pole kwa hilo. Swali langu la mwisho: kama kinasi hizi ni nzuri hivyo, kwa nini mmea usiziwashe muda wote?

—

Mleta uzi:

Kwa sababu utadumaa, mwalimu. BAK1 ile inayoshikana na FLS2 ndiyo hiyohiyo inayoshikana na kipokezi cha homoni ya kurefuka. Watumishi ni walewale, kazi mbili. Arabidopsis iliyoharibiwa jeni ya MPK4, ndugu wa MPK3 na MPK6, inabaki na kinga iliyowaka mfululizo, na ukiitazama ni kibete, majani yamejikunja. Ndiyo maana fosfatesi zinazobandua ni muhimu sawa na kinasi zinazobandika. Mkulima hali kinga, anakula mkungu.

—

Mkulima wa Karagwe:

Ndugu yangu wa nyumbani, nimefurahi kusoma. Lakini hiyo migomba ya kwenye banda sisi hatunayo. Mimi leo nina ekari mbili na migomba 7 imeanza kunyauka. Nifanye nini?

—

Mleta uzi:

Kaka, pole, na hili ndilo nililotaka tufike.

Kuna jaribio la mwaka 2004 la Cyril Zipfel na wenzake. Walichukua mimea isiyo na FLS2. Wakiipulizia bakteria juu ya jani, iliugua kuliko mimea mizima. Wakimsukuma bakteria moja kwa moja ndani ya jani, tofauti ikapotea. Maana yake sikio lile linafanya kazi kubwa mlangoni. Mwaka 2006 kundi la Sheng Yang He kule Michigan likaonyesha sehemu ya sababu: jani likimsikia bakteria linafunga vile vitundu vyake vya kupumulia ndani ya saa moja au mbili. Adui akishapita mlango, umechelewa sana.

Sasa fikiria panga. Umekata mgomba mgonjwa, ukahamia mzima ukapogoa majani. Umembeba bakteria, umempitisha mlango wote, umemweka kwenye mishipa ya maji. Zile dakika 15 umeuibia mgomba.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila shina lenye dalili likate usawa wa ardhi, hilo tu, usihangaike kung'oa mgomba mzima pamoja na machipukizi yake. Rudi kila wiki ukague, lililoonyesha dalili kata. Ua dume litoe mara tu chane ya mwisho inapotokea, maana nyuki wanabeba ugonjwa kutoka ua hadi ua na kuingilia kwenye vidonda vya maua yaliyodondoka. Lakini usilitoe kwa kisu. Tafuta kijiti chenye panda, lishike shingoni, zungusha mpaka livunjike. Machipukizi ya kupanda usichukue kwenye shamba lenye ugonjwa, hata yakionekana mazuri. Mbuzi na ng'ombe usiwaache waingie kutafuna.

Na panga, kila ukitoka shina moja kwenda jingine, lipitishe kwenye moto mpaka chuma kiwe cha moto usichoweza kukigusa, au lioshe kwa jiki. Najua inachosha ukiwa na ekari mbili. Washa moto katikati ya shamba, beba mapanga mawili, moja likiwa motoni unatumia jingine. Nitafika Karagwe mwezi ujao, nitakutumia ujumbe wa faragha, tuzunguke shamba pamoja.